Kidole cha Kupimia Taulo

Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto vilikufa ganzi, cha mwisho na jirani yake wa pete, na mimi ni kinyozi wa wembe.

Asiyejua kazi hii atasema hiyo si shida, wembe unashikwa kwa mkono wa kulia. Ndivyo wanavyofikiri wanaonyolewa. Mkono wa kulia ni kibarua tu; msimamizi ni wa kushoto. Huo ndio unaovuta ngozi, unaogeuza shavu, unaopita nyuma ya wembe kuuliza kama kuna kilichobaki. Na kile kidole cha mwisho, ambacho wengine wanakitumia kuchokonolea sikio, kwangu ndicho kinachopima taulo. Natoa taulo kwenye beseni la maji ya moto, naikamua, naigusa kwa kidole kile, nacho kinaniambia weka, au ngoja kwanza. Nilikiamini kuliko ndugu zangu wengi, na kuliko shemeji yangu kwa mbali sana.

Huyo shemeji ni mdogo wake mke wangu. Saluni ni yetu sote wawili: viti viwili vya kuzunguka, kioo kimoja kirefu, na cheti chake cha chuo kimetundikwa kwenye fremu juu ya soketi, ili anayechomeka chaja akisome kwa lazima. Mimi niliacha shule darasa la tano na shule haikulalamika. Tuligawana kazi tangu mwanzo, yeye mashine, mimi wembe. Kanuni ya nyumba ilikuwa moja tu: mkono usioaminika haushiki wembe. Kanuni hiyo niliitunga mimi, siku alipokuja na kidole chenye bandeji akitaka kunisaidia ndevu. Nilimkatalia mbele ya wateja, tena kwa sauti ya mtu wa mahakamani. Nilifurahi wiki nzima.

Sasa mkono usioaminika ulikuwa wangu.

Ganzi ililetwa na baiskeli, na baiskeli ililetwa na tumbo. Siku moja mke wangu alikuja saluni kuleta chakula, akakuta nimemwinamia mteja. Alisubiri tufike nyumbani.

"Baba Watoto," akasema, "ukiinama kumnyoa mtu, tumbo linamfikia kabla yako."

"Hilo ni shati."

"Shati halipumui."

Nikanunua baiskeli ya mkono wa pili, nyeusi, ngumu kama deni la ukoo. Kutoka kwetu hadi saluni ni nusu saa: kwanza lami, halafu matuta, halafu ile barabara ya kokoto ambayo kila mwaka inakaribia kutengenezwa. Siti yake ilikuwa nyembamba, na ilinichoma mahali ambapo sitapataja. Mwenye akili angempelekea fundi. Mimi nikachukua spana, nikalegeza nati, nikaiinamisha siti pua chini mpaka haikunigusa tena pale iliponichoma. Nikajiona injinia. Kwamba kuanzia hapo nilikuwa nateleza mbele njia nzima, nikijizuia kwa mikono kama mtu anayesukuma ukuta usimwangukie, hilo sikuliona. Maumivu yalikuwa yamehama, nikadhani yameisha.

Halafu kuna suala la salamu. Nimeshika vichwa vya nusu ya mtaa ule. Siwezi kumpita mtu ambaye nimemshika kisogo bila kumpungia. Kwa hiyo njia nzima mkono wangu wa kulia uko hewani: muuza mboga, fundi viatu, wazee wa kwenye benchi, mama wa cherehani. Mke wangu aliniona siku moja akasema ninapita kama mgombea. Nikalichukua kama sifa.

Mwendesha baiskeli mwingine wa mtaa wetu ni msoma mita za maji. Mrefu, mwembamba, anazunguka nyumba hadi nyumba toka asubuhi, na mikononi anavaa glavu. Si za baridi. Ni zile zilizokatwa vidole, zenye mito midogo ya sponji kwenye kiganja. Tangu siku ya kwanza nilipomwona nazo, sikumpa nafasi ya kupumua.

"Glavu za nini, ndugu yangu? Unakwenda kusoma mita au unakwenda kufunga ndoa?"

Saluni nzima ilicheka. Nikambatiza Bwana Harusi, na jina likakaa. Kila Jumamosi alipokuja kunyolewa nilimuuliza bibi harusi hajambo, na wanakula nini huko fungate. Yeye alikuwa anavua glavu zake taratibu, anazikunja, anaziweka mfuko wa shati.

"Iko siku, kinyozi," alikuwa anasema. Basi.

Ganzi ilianza kama sisimizi. Nikifika saluni nilikuwa nakung'uta mkono mlangoni kama mtu aliyeshika kaa, na sisimizi wanatoka. Baadaye wakawa wanakaa mpaka saa nne, kisha mpaka mchana. Mwishowe hawakutoka, ila walinyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa kubaya zaidi. Vile vidole viwili vikawa vya mtu mwingine, mimi nimevibeba tu.

Nikajikaza kisabuni. Nilijiambia nimelalia mkono. Usiku uliofuata nikalalia ubavu wa pili, na uliofuata nikalala chali, nikakoroma mpaka mke wangu akahamia kwa watoto. Asubuhi kikombe kikaniponyoka.

"Kikombe kimekukosea nini?" akauliza.

"Kina mafuta."

"Chai haina mafuta, Baba Watoto. Leta huo mkono."

"Nimechelewa."

Nilijua kabisa kwamba ni baiskeli. Jumapili, nisipopanda, vidole vilikuwa vinarudi kidogo, kama wageni wanaochungulia mlangoni. Nilijua pia dawa niliyopaswa kuijaribu kwanza, maana ilikuja kukaa kwenye kiti changu kila Jumamosi na kukunjwa ndani ya mfuko wa shati. Lakini ningeivaaje? Nilikuwa nimecheka mno. Mtu ukicheka kitu kwa mwaka mzima mbele ya mashahidi, huwezi kuamka asubuhi ukakivaa.

Nikaamua kutumia akili yangu. Kiti changu cha saluni kina egemeo la mkono kila upande, na ndani yake mna sponji nene, safi, ya zamani. Jioni shemeji alipotangulia kutoka, nikachana egemeo la kushoto kwa wembe, nikavuta sponji, nikajaza matambara mahali pake na kushona. Nyumbani niliifunga ile sponji kwenye mshikio wa kushoto wa usukani, mizunguko mitatu, nikaibana kwa vipande vya tyubu. Ilikuwa nene kama mkate. Nilipoishika niliona raha hadi nikacheka peke yangu uani.

Jambo moja sikulipima. Mkono ulioshika mkate haufiki kwenye breki.

Niliteremka asubuhi iliyofuata kuelekea pale kwa mama wa cherehani, mkono wa kulia ukiwa juu kumsalimu, na mbele yangu lori la mchanga likaanza kurudi nyuma. Vidole vya kushoto nikaviamuru vivute breki. Viwili havikusikia, viwili vilisikia lakini havikufika. Wa kulia ulishuka kutoka kwenye salamu ukiwa umechelewa. Nikalikwepa lori nikaingia kwenye lundo la mchanga lililokuwa limeshamwagwa, mimi na baiskeli, hadi kifuani.

Mama wa cherehani alitoka na futi yake shingoni.

"Kinyozi, umeumia?"

"Hapana. Nilikuwa nakusalimu."

"Marahaba," akasema, na akarudi ndani akajifungia. Nilimsikia akicheka mpaka cherehani ikasimama.

Sponji niliitupa. Mchanga nilikuwa nao masikioni hadi jioni. Shemeji aliniangalia, akaliangalia egemeo la kiti lililovimba matambara, akaniangalia tena.

"Shemeji, kuna kitu unataka kuniambia?"

"Kama kipi?"

"Mteja wako wa asubuhi amebaki na ndevu chini ya sikio la kushoto. Nimezitoa mimi kwa mashine, ukiwa umetoka kumwaga maji."

Kwa mara ya kwanza niliogopa. Yeye wembe anaujua, cheti kinasema hivyo. Nikiutoa mkononi leo, kuurudisha kesho kutahitaji sababu, na sitakuwa nayo. Mimi bila wembe ni mtu mnene anayefagia nywele za watu.

"Macho tu," nikasema. "Nitatafuta miwani."

Jumamosi iliyofuata msoma mita alikuja mapema kuliko kawaida, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Kinyozi, leo unipendeze. Saa tano napiga picha ya kitambulisho kipya cha kazi. Kile cha zamani nimefanana na mtu anayetafutwa."

"Bwana Harusi, utatoka hapa mpaka mita zikusome wewe," nikamwambia.

Akavua glavu, akazikunja, akajilaza. Nikamfunga kitambaa. Taulo zilikuwa kwenye beseni, na maji shemeji alikuwa ametoka kuyachemsha dakika hiyo. Mvuke wake niliuona. Nikashika taulo kwa ncha zake, nikaikamua kwa koleo letu la mbao, nikagusa kwa kidole cha mwisho. Kidole hakikusema kitu. Kwa miaka yote, kidole kikinyamaza maana yake ni weka. Moto ndio unaokifanya kipige kelele.

Nikaweka. Na kwa sababu nilitaka apendeze, nikakandamiza kwa ubavu wa mkono ule ule wa ganzi.

Hakupiga ukelele. Alinyanyuka. Aliinuka pamoja na kitambaa, taulo na mimi, maana mkono wangu ulikuwa bado uko shavuni mwake, tukasimama wawili katikati ya saluni kama watu wanaotaka kucheza muziki. Halafu taulo ikaanguka mguuni mwa shemeji, ambaye ndiye aliyepiga ukelele.

Tukamwagia maji ya baridi. Shavu la kulia lilikuwa zima. La kushoto, pale nilipokandamiza, lilikuwa limebabuka kipande cha upana wa kisanduku cha kiberiti, ngozi ya juu imejikunja. Mteja aliyekuwa kwenye kiti cha pili, nusu ya kichwa imekatwa, alishikilia kiti kwa mikono yote miwili kana kwamba zamu yake inafuata.

Msoma mita alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa natafuta maneno, na maneno, ambayo hayajawahi kunikosa nikimcheka mtu, yalikuwa yamekwenda likizo.

"Uliipima?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Ningependa anitukane.

"Niliipima."

"Kwa kitu gani?"

Nikanyoosha kidole. Alikishika, akakifinya kwa ukucha. Nilimwangalia akikifinya kama vile ninamtazama mtu anafinya boga sokoni.

"Na hiki cha pete?"

"Hicho nusu."

"Na vya kulia?"

"Vizima vyote."

Akatoka nje, maji yanamdondoka kidevuni, akaenda kusimama mbele ya baiskeli yangu iliyoegemea ukuta. Sisi wote tukamfuata, hata yule wa nusu kichwa na kitambaa chake. Akaweka kiganja juu ya siti. Kiganja kikateleza kikaanguka mbele.

"Hii ni siti au ni mteremko? Nani kaiinamisha?"

"Mimi."

"Ili iweje?"

"Ilikuwa inaniuma."

"Sasa haikuumi kwa sababu huikalii. Unakalia mikono." Akanigeukia. "Lakini kwa nini wa kushoto peke yake? Mimi ganzi ilipokuwa inanipata ilikuwa inanipata mikono yote miwili."

Kabla sijajibu, muuza mboga ng'ambo ya barabara akaniita kwa mluzi. Mkono wangu wa kulia ukapaa wenyewe kumpungia.

Msoma mita aliuangalia mkono ule ulivyosimama hewani. Shemeji naye akauangalia. Niliushusha polepole, nikautia mfukoni.

"Mgombea," akasema shemeji. Kumbe lile neno la dada yake lilikuwa limemfikia.

Hapo hapo mlangoni, mbele ya watu, shemeji alininyooshea kiganja, na nilijua anataka nini. Hakukumbusha kanuni ni ya nani. Nilitoa wembe kwenye mfuko wa koti, nikaufunga, nikampa. Afadhali angecheka.

Msoma mita akachukua glavu kwenye mfuko wa shati. Zilikuwa za kijani kama chura, na mkono mmoja umeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Hizi nakuazima. Nina nyingine nyumbani. Vaa, ninyooshee siti hiyo iwe sawa kama meza, usibane mshikio kama unamnyonga mtu, na ubadilishe mahali pa kushika kila ukifika tuta. Mikono yote miwili chini. Ukitaka kusalimu, una kengele."

"Nitazivaa nyumbani."

"Utazivaa kuanzia hapa. Nataka nione."

Nikazivaa. Zilinibana kwenye tumbo la kiganja, maana hata viganja vyangu vina tumbo. Nikapanda, nikapita mtaa mzima na mikono yote chini, nikipiga kengele kila baada ya hatua mbili kama muuza barafu. Kwa mama wa cherehani kulikuwa na wanawake watatu barazani. Nilimsikia mmoja akiuliza, "Kinyozi kapata cheo?" na mwenye cherehani akajibu, "Kapata msiba wa mikono." Wazee wa benchi walisema ninaringa. Hadi leo wapo wawili wanaoamini hivyo, na wanakwenda kunyolewa kwingine.

Mke wangu alinikuta uani nikinyoosha siti. Akaziangalia glavu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Leta mkono," akasema.

Safari hii nikampa. Akanivua glavu, akaanza kusugua kidole kimoja kimoja. Vile viwili sikuvisikia, nikamwambia.

"Tangu lini?"

"Tangu kikombe."

"Kikombe chenye mafuta?"

"Hicho."

Hakusema "nilikwambia". Alisema, "Na tumbo lenyewe halijapungua." Nikajua amenisamehe.

Nikawa mfagiaji. Nilifagia, nilifua taulo, nilipokea wateja na kuwaonyesha kiti cha mtu mwingine. Walioniuliza kama nimestaafu niliwaambia niko masomoni, na haikuwa uongo, kwa sababu kila Jumatatu kabla ya kufungua shemeji alikuwa ananipa mtihani. Nafumba macho, nanyoosha mkono, yeye anaweka kitu juu ya kidole, mimi nataja.

"Hiki?"

"Unywele."

"Shemeji, sijaweka kitu."

"Basi ni unywele mwembamba."

"Umefeli."

Nilifeli vizuri. Niliita uzi unywele, niliita unywele uzi, mara moja niliita ncha ya chanuo mdudu na kumkung'uta hadi kwenye beseni. Shemeji, mwenye cheti, alikuwa anasahihisha kwa uso mkavu bila kunionea huruma wala kunionea. Ningekuwa mimi ningemdhihaki mpaka akimbie mji. Hilo lilinikaa shingoni kuliko ufagio.

Siti ilikuwa sawa, glavu mkononi, kengele ikilia. Sisimizi wakarudi, na safari hii nikawapokea kama ndugu waliotoka mbali. Cha pete kilianza kuhisi baridi ya bomba, kisha ukingo wa sarafu. Jumatatu moja shemeji akaweka kitu juu yake, nikasema, "Unywele. Wa kidevuni, si wa kichwani. Umekatwa kwa mashine, kazi mbaya." Nikafumbua macho. Alikuwa anauangalia huo unywele.

"Na cha mwisho?"

Tukajaribu cha mwisho. Shina lilisikia. Katikati palisikia. Ncha, kimya.

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, na sikumharakisha. Kisha akafungua droo, akanipa wembe.

"Ndevu ni zako," akasema. "Taulo ni zangu. Daima."

"Shemeji, nitapima kwa kiwiko."

"Kina mama wanapima kwa kiwiko. Wewe hupimi kwa chochote."

Nikakubali. Wa kwanza kuketi alikuwa msoma mita. Shemeji alimwekea taulo, mimi nikasubiri nyuma na wembe, kama mtu anayesubiri kupewa chumvi. Nilimnyoa taratibu. Nilipofika shavu la kushoto nilizunguka pale palipobabuka, kwa sababu pale ndevu hazijaota.

"Vipi, Msimamizi," akaniuliza akiwa amefumba macho, "bwana harusi hawezi kukosa msimamizi wake. Glavu zinakutosha?"

Saluni ilicheka, shemeji wa kwanza. Jina limekaa.

Kwa hiyo gharama zote ni hizi. Sponji moja ya egemeo la kiti. Kikombe kimoja. Wateja wawili wa kwenye benchi. Salamu zote za mkono kati ya nyumbani na kazini. Taulo, ambazo si zangu tena. Jina langu. Kitambulisho kimoja cha msoma mita za maji, chenye picha ya mtu aliyevaa shati jeupe na shavu lililobabuka, ambacho atakuwa nacho shingoni hadi kitakapokwisha muda. Na ncha ya kidole changu cha mwisho, mkono wa kushoto, kutoka kwenye ukucha hadi kiungo cha kwanza. Hiyo haijarudi.